Chumvi, Figo na Sufuria la Nyumbani

Moyo ukishindwa kusukuma damu ipasavyo, figo hudanganyika. Zikipata damu pungufu hudhani mwili umeishiwa maji, basi huzuia chumvi isitoke kwenye mkojo, na maji hubaki pamoja nayo. Miguu huvimba, tumbo hujaa, na usiku mgonjwa hawezi kulala chali bila kukosa pumzi. Vidonge vya kukojosha huondoa kile figo zilichozuia. Sahani yenye chumvi nyingi hukirudisha. Kwa hoja hiyo, agizo la kupunguza chumvi limetolewa miaka mingi kana kwamba halihitaji ushahidi.

Ushahidi ulipotafutwa, majibu hayakuwa mepesi. Utafiti wa SODIUM-HF, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia wagonjwa 806 katika nchi 6, wala hapakuwa na hata moja ya Afrika. Katika mwaka mmoja, waliofariki au kukimbizwa hospitali kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 15 kwa waliopunguza chumvi na 17 kwa wenzao, tofauti inayoweza kuwa bahati tu. Mpinzani atasema: basi mwacheni mgonjwa ale anachopenda. Atakuwa amesoma nusu ya matokeo. Waliopunguza walieleza kwamba hali ya maisha yao imepata nafuu, ingawa ya kiasi. Ni kweli walijua wamo kundi gani, na anayejua huweza kujisikia nafuu, hilo nalikubali. Lakini lipo lenye uzito zaidi: walianza wakila takriban gramu 5.7 za chumvi kwa siku, wakashuka hadi 4.1. Walikuwa tayari karibu na kikomo cha gramu 5 cha Shirika la Afya Duniani. Matokeo hayo hayampi ruhusa anayekula gramu 12.

Nani anakula kiasi hicho katika wilaya za Ngara na Biharamulo? Iulizwe pakiti ya chumvi. Nusu kilo kwa watu 6, gramu 5 kila mmoja, inapaswa kufika siku 16. Ikiisha kwa wiki, kila mmoja anakaribia gramu 12, ukitoa inayomwagwa na maji ya kupikia. Ulaya chumvi nyingi huingia kiwandani, ndani ya mkate na nyama za kopo. Kwenye ndizi, maharage na ugali wa muhogo huitia mpishi mwenyewe, na mkono wake unaweza kupimwa. (Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu, na viungo vya mchuzi vya pakiti vivyo hivyo.) Wapo wanaohofu kwamba chakula kisicho na ladha kitamkondesha mgonjwa. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana shabaha ni kupunguza, si kukata kabisa. Ndimu, nyanya na tangawizi husaidia. Chumvi yenye madini joto ibaki hiyohiyo, ila kidogo. Chumvi mbadala yenye potasiamu isiguswe bila ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye figo dhaifu.

Wala si lazima mgonjwa apikiwe peke yake. Katika utafiti wa THESUS-HF, wa wagonjwa 1,006 kutoka nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, wastani wa umri ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Kwa kuwa chumvi nyingi hupandisha shinikizo hilo, sufuria lenye chumvi kidogo linawafaa wote wanaokula humo. Kwa hiyo wahudumu wa hospitali za Murgwanza na Rulenge na wa zahanati za Biharamulo, mnapompa mgonjwa ruhusa ya kurudi nyumbani, mwiteni na anayempikia.