Waliacha kujenga au walisimama ili wajenge? Umbo la -ing na umbo la to katika Kiingereza

Kiswahili hutumia umbo moja, kitenzi-jina cha ku-, mahali ambapo Kiingereza kina mawili: lenye -ing na lenye to. Katika "Kujenga matuta kunachosha", neno kujenga ni nomino ya ngeli ya KU. Katika "Wanataka kujenga matuta", ni kijalizo cha kitenzi kingine. Umbo halibadiliki, na hapo ndipo mfasiri anapoingia mtegoni.

Mara nyingi kosa huwa la sarufi tu. Vitenzi "want", "decide" na "hope" hufuatwa na to. "Enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na -ing. Anayeandika "They enjoy to walk in Lushoto" atasahihishwa, lakini ataeleweka.

Hatari kubwa imo katika vitenzi vichache vinavyokubali maumbo yote mawili kwa maana tofauti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa milima ya Usambara kujenga matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima walipinga, na mpango huo ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961. Linganisha sasa sentensi hizi:

"The farmers stopped building ridges." Wakulima waliacha kujenga matuta.

"The farmers stopped to build ridges." Wakulima walisimamisha shughuli nyingine ili wajenge matuta.

Ya kwanza yaeleza upinzani, ya pili yaeleza utii. Mfasiri akikosea hapa, historia nzima hupinduka.

Vivyo hivyo kwa "remember". "She remembered to plant the trees" ni kusema hakusahau wajibu wake, akaipanda miti. "She remembered planting the trees" ni kusema alikumbuka jinsi alivyoipanda zamani. Kitenzi "forget" hufuata mkondo huohuo.

Kwa vitenzi hivi vitatu, -ing hutazama tendo lililokwisha kuwapo, na to hutazama tendo lililo mbele. Kabla ya kuchagua, tegua kwanza ku- ya Kiswahili: ikiwa maana ni "ili afanye" au "asisahau kufanya", andika to; ikiwa ni "aliyokuwa akifanya" au "jinsi alivyofanya", andika -ing. Kwa vitenzi vingine, jifunze kila kitenzi pamoja na umbo linalokifuata.