Kiharusi kidogo si kidogo

Mzee ameinua kikombe cha chai, kikamponyoka. Anataka kuomba kitambaa, ulimi mzito, mdomo umevutwa upande. Baada ya nusu saa maneno yamerudi, mkono umebaki na ganzi tu. Nyumbani wanashusha pumzi: "Ni upepo, umeshapita."

Haujapita. Bonge la damu limeziba mshipa mwembamba unaolisha ubongo, na kiharusi kikubwa kinaweza kufuata, hasa katika siku chache za mwanzo. Utafiti wa Oxford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha thamani ya kuwahi: wagonjwa wa namna hii walipoanza kutibiwa mara moja, waliopatwa na kiharusi tena ndani ya siku 90 walishuka kutoka asilimia 10.3 hadi 2.1.

Tiba huanza na picha ya CT ya kichwa. Mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka hutoa dalili zilezile, lakini aspirini inayomsaidia wa kwanza yaweza kumdhuru wa pili. Kwa hiyo usimpe mgonjwa aspirini nyumbani kwa kubahatisha.

Picha isipoonyesha damu iliyovuja, aliyelemazwa hufikiriwa kupewa dawa ya kuyeyusha bonge, mradi saa nne na nusu hazijapita. Mwenye dalili ndogo zisizomlemaza kwa kawaida hupewa aspirini pamoja na klopidogreli, mapema ndani ya saa 24. Nchini China, utafiti wa wagonjwa 5,170 uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha tiba hizo: kwa aspirini peke yake, asilimia 11.7 walipata kiharusi tena ndani ya siku 90. Kwa dawa mbili, asilimia 8.2. Dawa hizo zilitumiwa pamoja kwa siku 21 tu, kwani zikiendelea sana huongeza hatari ya kutoka damu.

Kisha daktari hutafuta chanzo. Moyo unaodunda bila mpangilio huhitaji dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Mshipa wa shingo uliosinyaa sana waweza kuhitaji upasuaji. Presha, sukari na lehemu hushushwa, na sigara huachwa kabisa.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kwa dakika tano, tazama saa, kumbuka dalili zilianza lini, umpeleke mgonjwa hospitali. Usingoje kesho.