Kisanduku cha Kusema "Niache"

Desemba 10, 2011, mchekeshaji wa Marekani Louis C.K. aliweka kwenye tovuti yake mwenyewe video ya onyesho alilorekodi mwezi mmoja kabla katika ukumbi wa Beacon, jijini New York, akaiuza kwa dola 5. Fedha alizovuna zimeandikwa sana. Kisichotajwa mara nyingi ni kisanduku kidogo kilichokuwa kwenye ukurasa wa malipo. Mnunuzi akishaandika anwani yake ya barua pepe, aliulizwa kama angependa kuletewa taarifa za kazi nyingine za mchekeshaji huyo. Majibu yalikuwa mawili, na alama ilikuwa imeshatiwa kwenye jibu la kukataa. Jibu hilo lilimwekea mnunuzi mdomoni maneno makali: hapana, niache milele, wewe bonge mjinga. Aliyetaka kuandikiwa ilimbidi aihamishe alama kwa mkono wake mwenyewe. Maduka mengi ya mtandaoni yalifanya kinyume chake: yalikutilia alama ya kukubali, yakakuachia wewe kazi ya kutafuta pa kutokea. Huyu alianza na kukataa kwako, tena akakupa na tusi la kumtukania. Tusi lile lilichekesha, lakini lilikuwa pia ahadi. Tangu hapo, kila jina lililoingia kwenye orodha yake lilikuwa la mtu aliyenyoosha mkono kulitia.

Hoja yangu ni kwamba kisanduku hicho kinaeleza tovuti ya mchekeshaji ni ya nini kuliko rangi, picha na mapambo yote yanayouzwa na watengeneza tovuti. Mchekeshaji wa jukwaani hauzi bidhaa inayokaa rafuni. Anauza jioni moja, kwenye ukumbi mmoja, na akimaliza watu wanatawanyika. Shida yake kubwa ni kuwapata tena watu walewale miezi minane baadaye, akiwa na vichekesho vipya. Tovuti inayofanya kazi ni ile inayomwonyesha mgeni mambo machache bila kumzungusha (tarehe na mahali pa maonyesho, kipande cha video, namna ya kununua, namba ya anayetaka kumwalika) kisha ikamwomba ruhusa ya kumtafuta tena. Ruhusa ndiyo mali yenyewe. Idadi ya waliopita kutazama inafurahisha, lakini haijazi ukumbi.

Ushahidi alioutoa Louis C.K. mwenyewe hadharani ni wa kuridhisha. Siku nne baada ya kufungua mauzo aliandika taarifa ndefu kwa wanunuzi, akawafungulia daftari: kurekodi kuligharimu kama dola 170,000, sehemu kubwa ikilipwa na tiketi za wale waliokaa ukumbini, tovuti ikala kama dola 32,000, na video zaidi ya 110,000 zilikuwa zimeshauzwa. Baada ya siku 12 mapato yalivuka dola milioni 1. Akaeleza mgawanyo wake pia: 250,000 kulipia gharama, 250,000 bakshishi kwa waliofanya naye kazi, 280,000 kwa mashirika ya hisani, na 220,000 zake. Faili lenyewe halikuwa na kufuli lolote. Lilichezwa kwenye kifaa chochote, katika nchi yoyote, na yeyote angeweza kuligawa bure. Alilijua hilo, akawaomba tu wakumbuke kwamba yeye si kampuni, ni mtu mmoja aliyelipia kazi kwa fedha zake, na kwamba angependa kuendelea kuwauzia kwa bei nafuu namna hiyo. Ukiziweka pamoja kufuli ambayo hakuitia, hesabu ambayo hakuificha na alama aliyoitia upande wa kukataa, unaona ni tabia ileile: anayeuza anajiweka mikononi mwa anayenunua.

Juni 2012 aliirudia tabia hiyo kwa tiketi. Aliuza ziara nzima kupitia tovuti yake, bei moja ya dola 45 kila mji, kodi ikiwa ndani, na akaonya kwamba tiketi itakayokutwa inauzwa juu ya bei hiyo inaweza kufutwa. Walanguzi walikatwa mkono. Katika saa 45 ziliuzwa tiketi zaidi ya 100,000, zenye thamani ya dola milioni 4.5. Januari 2016 alianza kutoa tamthilia, Horace and Pete, bila bango wala mahojiano. Walioandikwa kwenye orodha walipata barua pepe, wakafungua, wakalipa.

Pingamizi la kwanza ni la haki: alikuwa tayari na jina, na kipindi chake cha televisheni kilikuwa hewani tangu 2010. Chipukizi wa kupiga dakika tano ukumbini afanye nini na tovuti? Lakini chipukizi ndiye mwenye haja zaidi ya kuhifadhi majina, kwa sababu yake ni machache na kila moja amelipata kwa jasho. Tazama Dane Cook, aliyeweka akiba yake kwenye tovuti kabla hajawa maarufu, kisha akawajibu mashabiki mmoja mmoja kwenye MySpace mpaka albamu yake ya 2005, Retaliation, ikafika nafasi ya 4 kwenye chati ya Billboard. Mbinu ilifaa, ila nusu yake ilijengwa kwenye kiwanja cha kupanga. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba picha, video na sauti zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena. Vine, iliyowalea wachekeshaji wa video za sekunde sita, ilifungwa Januari 2017. Mpangaji akihamishwa hubeba vyombo vyake. Wachekeshaji hawa, wafuasi wao walibaki ndani.

Pingamizi la pili linatuhusu sisi moja kwa moja: Dar es Salaam na Nairobi nani anafungua tovuti? Watu wako TikTok, Instagram, YouTube na kwenye makundi ya WhatsApp, na bando linahesabiwa. Ni kweli, na mchekeshaji atakayeacha mitandao akajifungia kwenye tovuti atacheka peke yake. Ila mitandao ni barabara ya kupitisha watu, na barabara hufungwa. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Tanzania iliufunga mtandao wa X Mei 2025. Mwenye wafuasi laki moja huko aliamka hana hata mmoja wa kumwita kwa njia ya kawaida. Tovuti nayo inaweza kufungwa, sikatai, lakini orodha iliyo mikononi mwako haifungwi kwa kitufe cha mtu mwingine. Wala si lazima iwe ya barua pepe, ambazo wengi wetu tunazifungua kazini tu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, miaka minne kabla ya video ile ya Beacon. Shabiki wetu anaijua lipa namba kuliko anavyolijua neno la siri la barua pepe yake. Ukurasa mmoja mwepesi, unaofunguka kwa bando dogo, wenye tarehe, njia ya kulipa na nafasi ya kuandika namba ya simu, unatosha kuwa tovuti kamili.

Hapo ndipo kisanduku kinarudi. Sote tunajua ujumbe wa matangazo unaoingia usiku kutoka kwa watu tusiowapa namba zetu, na tunajua jinsi tunavyoufuta bila kuusoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya kwake ya 2022, na zote zinalipa uzito suala la ridhaa ya mwenye taarifa. Mchekeshaji anayechota namba za wote walionunua tiketi na kuanza kuwatumia ujumbe ana orodha ndefu isiyo na thamani. Watu 300 walioikubali alama wenyewe watakuja, na watakuja na wenzao.

Hata hivyo siwezi kuisifu tovuti ile na kuinyamazia Novemba 2017. Gazeti la New York Times lilichapisha maelezo ya wanawake watano waliosema mchekeshaji huyu aliwafanyia, au alitaka kuwafanyia, vitendo vya aibu vya kingono. Kesho yake alikiri kwamba waliyosema ni kweli. Filamu yake ikafutwa kabla haijafika sinema, na vituo vikubwa vya televisheni vikamkata. Orodha haikumkata. Aprili 2020 aliitumia kutangaza onyesho jipya, akaliuza kwenye tovuti ileile, na mwaka 2022 likampa tuzo ya Grammy. Nyumba aliyoijenga ili asiwahitaji madalali ilimkinga pia na hukumu yao. Je, hilo ni kosa la nyumba? Na msanii aliyetimuliwa kwa dhuluma, asiye na hatia, atakimbilia wapi kama si kwenye nyumba kama hiyo? Wanawake wale, ambao baadhi yao nao walikuwa wachekeshaji chipukizi, hawakuwa na orodha ya kuwakinga.

Katika taarifa yake ya kukiri, alieleza kwamba zamani alijiona hana kosa kwa kuwa aliomba kwanza. Akasema amechelewa kuelewa kwamba ukiwa na nguvu juu ya mtu, ombi lako si swali tena kwake, ni mtego. Mtu huyohuyo, miaka sita nyuma, aliketi akabuni ukurasa ambao mgeni asiyemjua aliukuta umeshamjibia hapana.