Kuiamsha Pikipiki Iliyolala Miaka Mingi

Pikipiki ya zamani iliyosahauliwa bandani si lazima iwe imekufa. Aghalabu imelala tu. Lakini watu wengi huiua siku ile ile wanayotaka kuiamsha. Huitia petroli mpya, hupiga kiki kwa nguvu, na injini ikinguruma hupanda na kwenda zao. Baada ya maili chache injini hukwama, na hasara huwa kubwa.

Mfano mzuri ni BSA Bantam, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1948 hata 1971. Asili yake ni pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa kuwa fidia baada ya vita vya 1939 hata 1945. Bantam ya kwanza, iitwayo D1, ilikuwa na gia tatu na injini ya sentimita za ujazo 123. Posta ya Uingereza iliwapa vijana wake pikipiki hizo, zimepakwa rangi nyekundu, wapeleke simu za maandishi. Injini yake ni ya mipigo miwili, nayo hulainishwa kwa oili iliyochanganywa na petroli.

Kwanza, kiki isiguswe. Plagi itolewe, na oili nyepesi kidogo imiminwe katika tundu lake, ikae siku kadhaa ili ilegeze kutu iliyoshika pistoni. Kisha gia ya juu iingizwe, na gurudumu la nyuma lizungushwe polepole kwa mkono. Likikataa, nguvu isitumike. Yapasa silinda ifunguliwe.

Pili, petroli ya zamani imwagwe, kwa maana ikikaa huacha utando kama gundi. Tangi lioshwe mpaka kutu iishe. Kabureta ifunguliwe, na kitundu chake cha kupitisha petroli kisafishwe kwa upepo wa pampu, wala si kwa waya, kwani waya hukipanua.

Tatu, itazamwe cheche. Platini, yaani ncha mbili zinazofunguka na kufunga ili cheche iruke, zisafishwe na kupimwa. Nafasi yake katika D1 ni kiasi cha milimita 0.38. Plagi mpya ni bei ndogo, basi itiwe.

Jambo la nne ndilo wengi hawalijui. Katika injini ya namna hii, petroli na hewa hupita kwanza katika chumba kilicho chini ya pistoni, ndipo hupanda juu kuchomwa. Chumba hicho hakina budi kuzibwa kabisa. Sili za shafti zikikauka kwa kukaa miaka mingi, hewa huingia kwa wizi. Hapo petroli huwa haba kuliko hewa, joto huzidi, pistoni hutanuka na kukwama, pengine pikipiki ikiwa katika mwendo wa kasi. Dalili yake ni injini kwenda mbio yenyewe hali mkono wa petroli umerudishwa. Ikiwa hivyo, izimwe upesi. Sili mpya ni rahisi kuliko pistoni na silinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kwenda barabarani, matairi yenye nyufa yatolewe na breki zifunguliwe. Bitana za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kwa hiyo lisipulizwe, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Mwendo wa kwanza uwe mfupi, karibu na nyumbani. Kisha injini ipoe, na plagi itolewe itazamwe. Ikiwa na rangi ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi, na safari ndefu ingoje mpaka ufa upatikane.