Chapati, chai na mandazi: Fumbo la picha lililozua ubishi kutoka Kawangware hadi Kibera

Ilianza kama mzaha tu. Jumamosi jioni tulikuwa wanne kwenye kibanda cha kinyozi karibu na steji ya 46, Kawangware, kila mtu akingoja zamu yake. Simu ya mmoja wetu ikalia. Ilikuwa picha kutoka grupu ya WhatsApp, na juu yake maandishi makubwa: asilimia 99 ya watu watakosa.

Nani alihesabu hao watu? Hakuna. Lakini maneno hayo yalitosha kututia mchecheto.

Nawe jaribu. Mstari wa kwanza una sahani tatu, kila moja ikiwa na chapati mbili. Zikijumlishwa ni 60. Mstari wa pili: sahani kama hiyo, jumlisha vikombe viwili vya chai, ni 50. Wa tatu: kikombe kimoja, toa sahani ya mandazi matatu, ni 9. Mstari wa mwisho ndio swali: sahani ya chapati, jumlisha kikombe cha chai, zidisha kwa sahani ya mandazi. Ni ngapi?

Dakika tano baadaye tulikuwa na majibu manne: 210, 110, 100 na 70. Kinyozi alizima mashine, mteja akabaki kichwa nusu kimenyolewa.

"Ni 100, na naweka mia mbili hapa mezani," akasema msee wa nduthi.

"Mimi 70. Weka, nami naweka," kinyozi akamjibu.

Sasa tutazame kila jibu lilikotoka. Sahani ya chapati mbili ni 20, kikombe ni 15, na sahani ya mandazi matatu ni 6. Aliyefuata mkondo huo bila kutazama picha tena alisema 20 jumlisha 15 ni 35, mara 6, ni 210. Aliyekumbuka kwamba kuzidisha hutangulia kujumlisha alipata 20 jumlisha 90, yaani 110.

Wote wawili walinaswa na macho yao. Katika mstari wa mwisho sahani ya kwanza ina chapati moja tu, na ile nyingine ina mandazi mawili. Kwa hivyo chapati ni 10, na mandazi mawili ni 4. Msee wa nduthi aliliona hilo, ila akahesabu kutoka kushoto kwenda kulia: 10 jumlisha 15 ni 25, mara 4, ni 100. Kinyozi alianza na kuzidisha: 15 mara 4 ni 60, jumlisha 10, ni 70.

Hapo ndipo kelele zilipanda. Msee wa nduthi alikimbia duka la jirani, akaazima kile kikokotoo kidogo cha mauzo, akabonyeza mbele ya kila mtu. Kikaandika 100. "Mashine haidanganyi, bana!" Kinyozi akabonyeza hesabu ileile kwenye simu yake. Ikaandika 70.

Mashine zote mbili zilikuwa nzima. Kikokotoo cha kawaida cha dukani hufanya kila hatua unapoibonyeza, bila kujua kinachofuata. Programu nyingi za simu husoma hesabu nzima kwanza, kisha hufuata kanuni. Kanuni hiyo wanafunzi wa Kenya huijua kwa jina la BODMAS. Wenzetu wa Tanzania huiita MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa hivyo 100 haikuwa na pa kusimama. Lakini msee wa nduthi hakukubali, akawasha pikipiki akaenda zake bila kuaga. Hawa ni watu ambao hunywa chai pamoja kila asubuhi.

Jumapili nilikuwa Kibera, upande wa Olympic, kumtembelea shangazi. Nilimwonyesha binamu yangu ile picha. Yuko kidato cha tatu, na muhula uliopita alipata D katika hisabati. "Mimi na hesabu hatupatani," huwa anasema. Aliitazama kimya kwa muda.

"Kaka, na sahani yenyewe ni ngapi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Mnasema chapati mbili ni 20. Lakini picha inaonyesha chapati mbili na sahani. Nani amesema sahani ni bure?"

Tukachukua kalamu. Tuseme sahani ni 3. Basi chapati moja ni 8.5, na kila andazi ni 1. Mistari yote mitatu ya juu inakubali. Mstari wa mwisho unakuwa 11.5 jumlisha 15 mara 5, na jibu ni 86.5. Ukibadilisha thamani ya sahani, jibu nalo linabadilika. Ile 70 ni sahihi kwa sharti moja ambalo hakuna aliyelitaja: sahani ni sufuri.

Ubishi wa aina hii umewahi kuzunguka dunia. Julai 2019, watu waligombana kwenye Twitter kuhusu 8÷2(2+2), wengine wakisema 16, wengine 1. Profesa Steven Strogatz wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliandika katika New York Times kwamba kwa kanuni za kawaida jibu ni 16. Lakini alisema pia kuwa mwanahisabati wa kazi hawezi kuandika swali lenye utata kiasi hicho.

Katika vitendawili vyetu, ukishindwa unatoa mji na mtegaji anakupa jibu. Fumbo la WhatsApp mara nyingi halina mtegaji. Aliyelitunga hajulikani, na anayelisambaza naye hajui jibu. Ndiyo maana kupiga kelele "ni 70!" hakusaidii. Sema umeona nini kwenye picha, umechukulia nini, na umeanza na hatua gani. Hata KCSE hutoa alama za njia kando na alama ya jibu.

Jumatatu nilimpelekea kinyozi swali la sahani. Alicheka, kisha akampigia simu msee wa nduthi. Akaja, bado uso umekunjwa. Tukamweleza: 100 imeanguka kwa sababu ya kanuni, lakini 70 nayo inasimama kwa sahani ya bure.

"Kwa hivyo hata wewe hukushinda," akamwambia kinyozi, uso ukianza kukunjuka.

Ile mia nne iliishia kwenye chai na mandazi ya watu wote waliokuwepo.

Binamu yangu nilimwambia swali lake ndilo lililomaliza kesi. Hakusema mengi. Lakini usiku alinitumia picha ya zoezi kutoka kitabu chake cha hisabati, na ujumbe mfupi: "Hii nimeanzia mabano. Niko sawa?"

Alikuwa sawa.