Kabla ya kununua difu ya mtumba, hesabu meno

Barabara ya Kitale hadi Bungoma, kupitia Kiminini na Webuye, pikapu hubeba mahindi mpaka springi zinalala. Difu ya nyuma ikianza kulia, fundi hukuletea ya mtumba, nati zikaingia sawasawa, ukalipa. Mimi huuliza meno kwanza.

Krauni ya meno 43 na pinioni ya 11 huzungusha propela mara 3.9 kwa kila raundi ya gurudumu. Pinioni ikiwa ya 10, ni 4.3. Hiyo yapanda mlima na mzigo vizuri, lakini kwa tambarare yetu ya Mombasa hadi Malindi injini italia na kula mafuta, na spidimita inayosoma kutoka giaboksi itazidisha kwa asilimia 10 hivi. Gari linalovuta magurudumu yote manne ndilo balaa: difu za mbele na nyuma zisipolingana, hupigana mpaka kitu kivunjike.

Ili kujua iliyomo garini mwako, zuia magurudumu ya mbele, weka nyutro, achia handibreki, inua gurudumu moja tu la nyuma. Lizungushe raundi mbili (moja itakupa nusu ya hesabu, kwa kuwa jingine limesimama) huku mwenzio akihesabu propela. Naye achungulie kutoka pembeni. Jeki peke yake si ya kulala chini yake.