Doa Lisilouma

Mkulima akijikata kwa jembe, huenda zahanati siku ile ile. Lakini akiona doa jeusi wayoni, lisilouma wala kuwasha, husema, "Litatoka lenyewe," akashika njia ya shamba. Miezi yapita. Mguu umevimba, kiatu hakiingii tena, na doa limekuwa vinundu vigumu. Ndipo ndugu zake wanapombeba kumpeleka hospitali.

Huenda hiyo ni kansa ya Kaposi, ambayo huanza katika utando wa ndani ya mishipa ya damu na ya limfu. Dakta Moritz Kaposi aliieleza huko Vienna mwaka 1872. Kwa Wazungu ni ugonjwa wa nadra; lakini Uganda, Kongo na Tanzania ilijulikana hata kabla ya UKIMWI, na mwaka 1961 mabingwa walikutana Kampala kuijadili. UKIMWI ulipoingia, ikazidi mno. Kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1994, ingawa wengi walio nacho hawapati kansa hiyo kamwe.

Basi, baba na mama, tazameni vizuri. Katika ngozi yetu doa hilo si jekundu kama lionekanavyo kwa Mzungu. Hufanana na zambarau iliyoiva, au huwa jeusi kabisa. Mara nyingi huanza miguuni, lakini laweza kutokea usoni, au kinywani juu ya kaakaa na ufizi. Mtoto aweza kukosa doa lolote, akavimba matezi ya shingo na kwapa tu. Mgonjwa akikohoa damu, au akienda choo cheusi kama lami, msingoje hata kesho.

Wengine husema mtu amekanyaga uchawi, wakamchanja chale juu ya uvimbe. Chale hizo humwongezea vidonda tu, na siku zinapotea.

Daktari hukata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa kwa darubini. Hupima na damu pia, na kipimo hicho kisiogopwe: kwa mwenye virusi vya UKIMWI, pengine dawa za UKIMWI peke yake zatosha kufifisha madoa. Wengine huongezewa dawa za kansa kwa dripu.

Na ukifika zahanati, usionyeshe mguu tu. Fungua na kinywa, mganga atazame kaakaa.